Meza ya Blaguna Nyumbani kwa Mwenye Bucha

Siku Blaguna alipoletwa Krushevo akiwa bibi harusi, gari lililombeba lilikuwa na mboga nyingi kuliko nguo. Baba yake alikuwa mkulima wa bonde la Strumica, mtu asiye na makuu, na aliona haya kumtoa binti yake mikono mitupu. Kwa kuwa hakuwa na kingine cha kujivunia, alimjazia magunia: pilipili hoho nyekundu ndefu, liki, zile mboga za jamii ya kitunguu zenye shingo nyeupe kama maziwa, vitunguu, maharage ya rangi tatu nne, na boga moja kubwa lililokalishwa kiti cha mbele kama mgeni wa heshima.

Baba mkwe, Sterio, alikuwa amesimama mlangoni pa bucha yake, aproni ingali na damu ya asubuhi. Akayatazama magunia yakishushwa moja baada ya jingine. Kisha akamgeukia mwanawe.

"We Tashko, mimi nilikutuma mke. Mbona umeniletea mbuzi?"

Watu waliokuja kumpokea bibi harusi wakaangua kicheko. Sterio akaona mzaha wake umepata soko, akauongezea chumvi.

"Hapa kwetu mbuzi huliwa, bwana. Hawaolewi."

Blaguna naye alicheka, maana angefanya nini? Lakini usoni aliwaka moto, na tangu siku hiyo mji mzima ukampa jina. Wakamwita Majani.

Krushevo ni mji wa mlimani, juu kabisa, ambako upepo haupumziki na watu wake wamekuwa wachunga kondoo tangu enzi za mababu wa mababu zao. Huko mwanaume hupimwa kwa nyama anayoitoa mezani. Soseji za Sterio zilijulikana mpaka miji ya Prilep na Bitola, na nyumbani kwake chakula kisicho na nyama hakikuitwa chakula, kiliitwa kusubiri chakula. Mama mkwe, Domna, alikuwa na msemo wake mwenyewe kuhusu mboga.

"Kabichi, mwanangu, kazi yake ni kulala chini ya nyama isiungue."

Domna alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, mwepesi wa mkono, mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili bila kutoka nje. Jiko lile kubwa jeupe la kuni, lenye tanuri pembeni, lilikuwa lake peke yake. Blaguna aliruhusiwa kumenya, kuosha, kukanda unga na kufuta. Kupika, hapana. Mara ya kwanza alipojaribu, aliinjika sufuria ya liki na viazi, akavikaanga taratibu mpaka nyumba nzima ikanukia. Alipotoka kwenda kuchota maji tu, Domna akafunua kifuniko, akatumbukiza donge zima la mafuta ya nguruwe na vipande vya mbavu.

"Chakula chako kilikuwa kinaumwa," alimwambia aliporudi. "Nimekiongezea damu."

Blaguna hakuwa mtu wa kujibizana. Lakini wiki hiyo hiyo alifagia banda la uani, akalikokota jiko kukuu la chuma ambalo zamani lilitumiwa kuchemshia maji ya kufulia, akaziba nyufa zake kwa udongo, akaliunganisha na bomba la moshi. Hapo ndipo alipojenga himaya yake. Kila siku, kazi za ndani zilipokwisha, alipika huko chakula cha kwao, na Tashko alikuwa akija kula kwa siri, kisha anaingia ndani kula tena cha mama yake asije akamuudhi. Mwaka ule Tashko alinenepa hata suruali zake za harusi zikamkataa.

Na lazima niseme kile chakula kilikuwaje, kwa sababu watu wanaposikia mboga hufikiria vijani viwili vitatu vinaelea kwenye maji. Chakula cha Blaguna kilikuwa kizito. Kilikaa tumboni kama mkono wa mtu anayekupenda. Maharage aliyachemsha, akayamwaga maji ya kwanza, akayachemsha tena, kisha akayaweka kwenye chungu kipana cha udongo pamoja na vitunguu alivyovikaanga mpaka vikalegea, vikawa vyekundu, vikawa karibu sawa na asali. Akanyunyizia unga wa pilipili tamu na nanaa kavu, akakisukuma chungu ndani ya moto akakiacha hadi juu yake pafanye ukoko. Pilipili hoho alizichoma juu ya chuma tupu hadi ngozi ikawa nyeusi tii, akazifungia ndani ya sufuria zitoe jasho, akazimenya, akazisaga na bilinganya zilizochomwa, akazikoroga juu ya moto kuanzia asubuhi hadi alasiri, mpaka mkono ukauma na rojo likawa zito kiasi kwamba kijiko kinasimama chenyewe. Hiyo ndiyo ajvar, na Blaguna alikuwa na mitungi yake imepangwa ukutani mwa banda, mfuniko kwa mfuniko.

Miaka ikaenda hivyo. Akazaa mabinti wawili, akawalea, na wao pia wakajua kwamba kuna nyumba mbili za kula katika uwanja mmoja. Domna alijua habari za banda lakini alijifanya hazijui. Sterio yeye alipita mbele yake akibana pua.

"Majani! Leo mnakula nini huko, nyasi za kuchemsha au nyasi za kukaanga?"

"Za kuchemsha, baba. Karibu."

"Nikaribie nimekuwa punda?"

Sasa, Sterio alikuwa na fahari moja kubwa kupita bucha yake, nayo ilikuwa meno. Tangu ujana wake alikuwa akipasua mifupa kwa meno mbele ya watu, afungue chupa kwa meno, akate kamba kwa meno. Lakini alikuwa ameshapita miaka sitini, na meno nayo huchoka. Msimu mmoja wa majani kupukutika, ufizi ukamvimba, uso ukamgeuka, na maumivu yakamfanya apige makonde ukutani. Tashko akampeleka Prilep kwa daktari wa meno. Daktari akaangalia, akaguna, akasema yaliyobaki yote yamekwisha kuoza mizizi. Akayang'oa. Akamwambia asubiri ufizi upone vizuri, na baada ya Krismasi arudi atengenezewe meno ya bandia.

Sterio alirudi nyumbani amejifunga skafu hadi puani. Akawakusanya watu wa nyumba yake, akafungua skafu, akawaonyesha pengo lile la mdomo mzima, akaifunga tena.

"Mmeona? Basi. Atakayemwambia mtu, hasa kaka yangu Naum, namfukuza hapa na godoro lake."

Bucha alienda kama kawaida, skafu shingoni, akisema kwa ishara na miguno. Wateja walidhani amekasirika, na kwa kuwa alikuwa mtu wa hasira siku zote, hakuna aliyeshangaa.

Tatizo lilikuwa kula. Domna alimchemshia supu ya mifupa, akamsagia nyama mara mbili, akamlainishia mkate kwenye mchuzi. Sterio alizikoroga sahani akazisukuma. Nyama ya kusagwa alisema ni ya paka. Supu alisema inampitia kama maji kwenye bomba. Akaanza kukonda. Mashavu yakaingia ndani, kofia ikawa inamshukia machoni, na usiku alilala amegeukia ukuta bila kusema neno na mkewe.

Hali ilikuwa hiyo siku Blaguna alipokuwa bandani, mfungo wa kabla ya Krismasi umeanza, chungu cha maharage kimetoka motoni sasa hivi. Mlango ukafunguka. Sterio akaingia, mikono nyuma.

"Nimekuja kuchukua nyundo," alisema, maneno yakimtoka na mluzi kwa kukosa meno.

Nyundo ilikuwa imetundikwa mbele ya pua yake. Blaguna aliiona, naye Sterio aliiona. Blaguna hakumwonyesha. Alipakua bakuli, akaweka kijiko cha mbao ndani, akalitua ukingoni mwa meza, kisha akampa mgongo na kuanza kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Halafu kijiko kikagonga bakuli. Kikagonga tena. Baadaye zikasikika zile sauti za kukwangua ambazo kila mpishi duniani huzijua na kuzipenda.

"Nyundo haipo," Sterio alisema, akatoka.

Kesho yake alikuja kutafuta misumari. Siku iliyofuata ikawa kamba. Baada ya hapo hakutaja tena kitu chochote. Alikuwa anakuja tu, anakaa kwenye kigoda karibu na jiko, anavua kofia.

"Hii umetia nini?" aliuliza siku moja juu ya bakuli la liki na plamu kavu.

"Vitunguu, baba."

"Na nini tena?"

"Vitunguu vingine."

"Muongo wewe. Humu kuna mfupa."

"Utafute. Ukiuona, nipigie kelele."

Sterio akautafuta mfupa mpaka chini kabisa, akautafuta na kwa mkate laini kuzunguka kingo zote, akaliinua bakuli kulitazama kwenye mwanga. Hakuuona. Akalisogeza mbele ya Blaguna.

"Nitatafuta tena."

Blaguna akapakua. Alijigeuza haraka asionekane anatabasamu, lakini mabega yalimsaliti, na Sterio akayaona.

"Usicheke. Mimi ni mgonjwa."

"Ndiyo, baba. Mgonjwa, kula."

Domna aliligundua jambo hili kama wanawake wanavyogundua mambo, kwa kuangalia sufuria. Supu yake ilikuwa inabaki pale pale, lakini mashavu ya mumewe yalikuwa yanarudi. Kwanza alidhani anakula kwa Naum. Kisha akamfuata. Alimkuta ametoka bandani, anajipangusa kwa kiganja, na masharubu yake mekundu kwa ajvar.

"Sterio! Masharubu yako yana damu!"

"Si damu."

"Afadhali ingekuwa damu!" Sauti yake ikapanda juu ya ukuta, ikaenda mtaani. "Mimi nimekupikia tangu nikiwa msichana, nimekukaangia, nimekuchomea, nimekusagia nyama mara mbili kama mtoto mchanga, na wewe unanipita unakwenda kudonoa uani kama jogoo!"

"Domna, punguza sauti, watu..."

"Watu wasikie!" Akafungua aproni yake, akaikunja, akamtupia Blaguna aliyekuwa amesimama mlangoni mwa banda, uso umemshuka. "Shika, Majani. Umempata mzee, basi mpate na ukoo wake. Sikukuu ya Mtakatifu Nikola utapika wewe. Mimi nitakaa sebuleni kama mgeni, mikono mapajani, tuone watakula nini."

Akaingia ndani, mlango ukapigwa kwa nguvu hadi theluji ikaporomoka kutoka paani.

Mtakatifu Nikola ndiye mtakatifu wa nyumba ya Sterio. Siku yake huangukia katikati ya mfungo, hivyo nyama haigusiki, wala mayai, wala maziwa. Samaki huruhusiwa. Kila mwaka mwenye bucha alikuwa akiificha aibu ya siku moja bila nyama kwa kuweka mezani samaki wa ziwani mkubwa kiasi cha kuhitaji watu wawili kumbeba. Ukoo wote hufika, na padri huja kuukata mkate wa sikukuu.

Kupikia watu wa nyumbani ni jambo moja. Kupikia ukoo mzima wa wala nyama, mama mkwe amekaa sebuleni anasubiri uanguke, ni jambo jingine. Asubuhi ya siku iliyotangulia sikukuu, Sterio akaja bandani. Hakukaa.

"Samaki hakuna mwaka huu."

"Baba! Nikola bila samaki? Watatutukana mpaka makaburini."

"Sikiliza." Akashusha skafu, akajionyesha mdomo kwa kidole. "Naum atakaa mbele yangu. Wao watakuwa wanachambua miiba, na mimi nimewekewa uji? Nitachekwa mpaka Ohrid. Kila mtu atakula kwa kijiko. Kila kitu kiwe laini. Lakini kiwe chakula cha wanaume, umenielewa? Mtu asitoke hapa akaenda kuomba mkate kwa jirani."

Blaguna akamtazama yule mzee aliyemwita mbuzi mbele ya watu. Alikuwa amesimama pale na ufizi wake mtupu, macho yanaomba bila mdomo kuomba. Akapiga moyo konde.

"Basi nataka jiko kubwa."

"Chukua."

"Na watu wa kumenya."

"Tashko atamenya."

"Tashko peke yake hatoshi."

Sterio akakuna kichwa. Kisha akaenda bucha, akarudi na visu vyake vimefungwa kwenye ngozi, akavinoa, akakaa. Na hapo Blaguna aliona jambo ambalo hakuwahi kuliwaza: mkono uliokuwa ukichambua kondoo bila kugusa mfupa ulikata liki kwa wembamba ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuufikia. Kabichi zilianguka mbele ya kile kisu nyuzi kwa nyuzi. Vitunguu navyo vilikatika, ila vilimlipiza kisasi.

"Kondoo hawajawahi kunifanyia hivi," Sterio alisema, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Labda hukuwatazama machoni, baba," Tashko alijibu, naye akilia vile vile, na wote watatu wakacheka mpaka Blaguna akalazimika kukaa chini.

Siku ya sikukuu ilipambazuka kweupe, theluji hadi magotini. Blaguna alikuwa ndani kwenye jiko kubwa tangu alfajiri. Alikuwa amelowesha majani ya kabichi yaliyochachuliwa kwenye pipa, akayajaza wali, liki na kokwa za jozi zilizotwangwa, akayakunja madogo madogo kama vidole gumba, akayapanga sufuriani duara juu ya duara. Hizo ndizo sarma. Alijaza pilipili kavu kwa maharage yaliyopondwa. Alikuwa na chungu cha maharage kikubwa kuliko ndoo, na sinia la pai ya boga yenye tabaka nyembamba kama karatasi.

Sebuleni Domna alikaa kama alivyoapa, gauni lake jeusi limenyooshwa, mikono mapajani. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Alisikia kila kitu, na hakutazama hata mara moja.

Blaguna alilijua jiko lake la uani kama anavyojua vidole vyake, lakini hili jeupe lilikuwa geni kwake. Aliisukuma pai ndani, akageukia sarma, akajisahau kidogo. Ghafla harufu ikabadilika. Si ya kuungua bado, ile inayotangulia kuungua. Kabla hajafika kwenye tanuri, sauti ikalipuka kutoka sebuleni.

"Geuza! Geuza sinia! Jiko hilo linaunguza upande wa kushoto!"

Blaguna akafungua, akaligeuza sinia. Upande wa kushoto ulikuwa umefikia wekundu wa dhahabu, hatua moja tu kabla ya kuharibika. Akavuta pumzi.

"Asante, mama."

Domna alikuwa ameufumba mdomo wake kwa kiganja, amejikasirikia.

Mchana wageni wakafika, wakikung'uta viatu. Wa mwisho kuingia alikuwa Naum, kaka yake Sterio, aliyeendesha basi hadi alipostaafu na bado aliongea kana kwamba injini inanguruma chini yake. Padri akabariki mkate, wakauzungusha pamoja, wakaukata, mishumaa ikawashwa. Watu wakakaa. Naum akaitazama meza kutoka mwisho hadi mwisho.

"Samaki kachelewa basi?"

"Hakuna samaki," Sterio alisema nyuma ya skafu.

"Hakuna samaki! Jamani, ndugu yangu amefilisika na hakuniambia?" Watu wakacheka. "Nikola ni mtakatifu wa mabaharia, Sterio. Unampa maharage? Atapanda nini, gunia?"

"Kula kwanza, kaka. Utasema baadaye."

"Nitakula. Nikifa njaa, mnizike karibu na barabara ya basi."

Jikoni, Blaguna alikuwa amesimama nyuma ya mlango na mwiko mkononi. Alimwona Naum akichota maharage kwa ncha ya kijiko, kama mtu anayepima dawa, akatia mdomoni. Alimwona akitafuna. Alimwona akichota tena, safari hii kijiko kimejaa. Na kisha Naum akanyamaza. Waliomfahamu wakageuka kumtazama, wakidhani amepaliwa.

Hakupaliwa. Alikuwa anakula. Na meza nzima ilikuwa inakula. Maneno yalipungua, vijiko vikaongezeka. Sarma zilipita kutoka mkono hadi mkono na sufuria ikarudi jikoni tupu, Blaguna akaijaza, ikarudi tena tupu. Mtu mmoja akafungua mkanda wa suruali. Mwingine akamnyang'anya mkewe pilipili ya mwisho sahanini, naye mkewe akamchapa kofi la mkono na kuichukua tena. Mkate ulipita kwenye sahani kama ufagio. Pai ya boga ilipoingia, mvuke ukiipanda, wanaume walisogeza viti.

Naum akainua kichwa, jasho limemtoka kwenye paji.

"Shemeji Domna, nikuulize kitu, na usinifiche. Hizi sarma umetia nyama gani? Leo ni mfungo na padri yupo hapa!"

Padri alikuwa na mdomo umejaa. Akainua kidole, akameza.

"Nimezichunguza, mwanangu. Nimekula nyingi, kwa uangalifu mkubwa. Hamna nyama."

Kicheko kikapita. Kisha wote wakamtazama Domna, maana ndiye aliyeulizwa, na kila aliyekaa pale aliamini ni yeye aliyepika. Sahani yake mwenyewe ilikuwa mbele yake, safi kama iliyooshwa. Angeweza kusema lolote. Sterio aliacha kutafuna.

Domna alikuwa na kasoro zake, nyingi tu, lakini hakuwahi katika maisha yake kusema uongo kuhusu chakula.

"Si mimi," alisema. "Amepika mkamwana wangu. Blaguna." Akageuka kwenye kiti, na ile sauti ya kuita mitaa miwili ikaenda jikoni. "Blaguna! Njoo huku, mwanangu. Umejificha nini kama mwizi? Njoo watu wakuone!"

Blaguna akatoka, mwiko bado mkononi, nywele zimemganda usoni. Hakujua aweke wapi macho yake. Naum akasimama, akiwa mtu ambaye hakuwahi kuinuka hata kwa ajili ya mkaguzi wa basi, na wengine nao wakasimama, viti vikakwaruza sakafu.

"Binti," Naum alisema, "mimi nimekula kwenye kila kituo kutoka hapa hadi Thesaloniki. Naomba sahani nyingine."

Hapo Sterio akashindwa kujizuia. Akacheka. Alicheka kwa mdomo wote, kichwa nyuma, skafu ikaanguka begani, na ukoo mzima ukaona ufizi wake mtupu unavyong'aa.

"Sterio!" Naum alipiga kelele. "Meno yako yako wapi?"

"Yako Prilep!"

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaanza kunitukania maharage! Mimi sina hata jino moja, kaka, na nimekula kuwashinda nyote. Nani mwingine angenilisha hivi? Niambie, nani?" Akaipiga meza kwa kiganja hadi glasi za pombe ya rakia zikaruka. "Mkamwana wangu!"

Siku ile watu hawakuondoka mapema. Wanawake walimzunguka Blaguna jikoni: vitunguu unavikaanga mpaka lini, jozi unazitwanga au unazisaga, maharage yako mbona hayapasuki? Naye alijibu kila mmoja, mara ya kwanza kwa haya, kisha kwa sauti ya mtu anayejua anachosema. Wageni walipokwisha kwenda, Domna alivuta kigoda jikoni, wakala pamoja masalio kutoka kwenye chungu, mmoja upande huu, mwingine upande ule.

"Chumvi ilipungua kwenye liki," Domna alisema.

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo, ndiyo. Mwakani utaniita nionje."

Sterio alipata meno yake mapya, akarudia soseji zake, na hakuna aliyemlaumu. Lakini Jumatano na Ijumaa, siku za mfungo za kila wiki, aliweka visu chini, na nyumba ile ikala mboga kwenye jiko kubwa jeupe, wanawake wawili wakipishana mbele yake, wakigombana juu ya moto na chumvi. Domna alianza kuwaeleza watu kwamba sikukuu ile alimwachia Blaguna nafasi kwa makusudi, na Blaguna hakumkanusha. Mfungo mkubwa wa kabla ya Pasaka ulipofika, majirani walibisha hodi na vyungu vyao kuomba kufundishwa, na kwenye mteremko nyuma ya bucha, ambako walimwambia hapaoti kitu ila majani ya kondoo, Blaguna alipanda liki na maharage ya kutambaa, yakashika, yakapanda miti yake hadi juu. Jina la Majani likafa lenyewe. Watu wa Krushevo wakawa wanasema tu, leo kwa Blaguna kunanukia.

Naum hakukosa Ijumaa hata moja. Alikuwa akipanda mlima kwa miguu, mzee wa watu, anapumua kama basi lake la zamani, na kabla hajafika kizingitini alikuwa ameshaanza kuuliza.

"Shemeji! Leo kuna nini?"

"Vua viatu kwanza," Domna alimjibu kutoka ndani, na Blaguna tayari alikuwa anampakulia.